Karatasi za marumaru nyumbani: rangi, karatasi na vifaa nilivyovipata Moshi

Kazi yangu ya jioni, baada ya saa za ofisi, ni kujalidi upya vitabu vilivyochakaa: madaftari ya kumbukumbu za vikundi, vitabu vya nyimbo vya wanakwaya, na mara chache kamusi ambayo mwenyewe hataki kuitupa. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikibandika karatasi nyeupe upande wa ndani wa jalada, hadi nilipoamua kutumia karatasi za marumaru, yaani zile zenye mishipa na mawimbi ya rangi kama ya jiwe hilo, ambazo hupatikana kwa kudondosha rangi juu ya maji mazito, kuichora kwa kijiti, kisha kulaza karatasi juu yake ili iinyanyue picha nzima kwa mara moja. Sijaona hapa Moshi duka linalouza seti kamili ya kazi hii, kwa hiyo nilikusanya vifaa kimoja kimoja kutoka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, steshenari, meza za viungo sokoni na hata buchani. Ninayoyaandika hapa ni matokeo ya miezi mitano ya kuvijaribu nyumbani kwangu Rau.

Ninaanza na karatasi, kwa sababu ndiyo niliyoidharau na ndiyo iliyonipotezea fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote. Nilichukua karatasi za kawaida za kudurufia, za gramu 80, nikaamini kwamba karatasi ni karatasi. Rangi ilielea vizuri, mistari ikakaa, na karatasi ilipoinuliwa ilikuwa na picha safi kabisa. Lakini nilipoisuuza, rangi yote iliteremka pamoja na maji, ikabaki karatasi yenye madoa hafifu kama nguo iliyochuja. Nikailaumu rangi, nikanunua nyingine, na baadaye nyingine tena, matokeo yakawa yale yale. Sababu yake iko ndani ya karatasi yenyewe. Ili rangi za maji na za akriliki, yaani zile za plastiki zinazopunguzwa kwa maji, zishike, karatasi hupakwa kwanza maji ya shabu, ambayo yana asili ya tindikali, ilhali karatasi nyingi za kisasa huchanganywa kiwandani na kalisi kaboneti, yaani unga wa chokaa, ili ziwe nyeupe na zisigeuke njano upesi. Chokaa hiyo huimaliza nguvu shabu kabla rangi haijafika, na hapo hata rangi ya bei kubwa haiwezi kuokoa kitu.

Karatasi iliyonifaa kuliko zote ni kaki isiyong'aa, ile ambayo wazazi huinunua Januari shule zinapofunguliwa ili kujalidia madaftari ya watoto. Karatasi za aina hii hutengenezwa nchini, Mgololo katika wilaya ya Mufindi, na nyuzi zake ni ngumu kiasi kwamba haichaniki inapoinuliwa ikiwa imelowa. Ina pande mbili, mmoja laini na mwingine wenye mkwaruzo kidogo. Upande wenye mkwaruzo ndio unaonyonya rangi, na ni vyema kuutia alama ya penseli pembeni kabla ya kufanya jambo lolote. Rangi ya kahawia ya kaki hubadilisha sura ya kazi: njano hufifia, ilhali nyeupe, buluu ya nili na nyekundu ya udongo hukolea vizuri sana. Mimi sasa ninaipenda kuliko karatasi nyeupe.

Kwa anayetaka nyeupe, karatasi za kuchorea za gramu 120 hadi 160 zinavumilia maji, lakini hutofautiana kutoka pakiti moja hadi nyingine, na manila nazo ni hivyo hivyo. Kwa bahati steshenari nyingi za mjini huuza manila kwa karatasi moja moja, kwa hiyo ninashauri kununua moja, kuikata vipande, kuijaribu kwa shabu na rangi, kuisuuza, na kurudi kununua nyingi siku hiyo hiyo kabla mwenye duka hajaleta mzigo mwingine. Karatasi zinazong'aa kama za kalenda zisinunuliwe kabisa.

Shabu yenyewe haina shida kupatikana. Mzee anayeuza viungo na dawa za asili katika Soko la Mbuyuni aliniuliza, baada ya kuniitikia shikamoo yangu, "Shabu ya nini, mwanangu, ya kusafishia maji au ya baba kunyolea?" Nilipomwambia ni ya kupaka karatasi alicheka, akanichagulia bonge jeupe lisilo na vumbi. Bonge hilo husagwa, likayeyushwa katika maji ya moto, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, na maji yakishapoa hupakwa kwa sponji upande mmoja wa karatasi, kisha karatasi hukaushwa na kulazwa chini ya ubao ili inyooke. Kuongeza shabu kwa kudhani kwamba rangi itashika zaidi ni kosa kubwa, hasa kwa mjalidi, kwa kuwa tindikali inayobaki huifanya karatasi iwe kavu na kuvunjika baada ya miaka, na kitabu tunakijalidi ili kidumu.

Sasa nije kwenye maji mazito, sehemu ambayo nimeifurahia kuliko zote. Maji matupu yanaweza kubeba rangi, na Wajapani wana sanaa ya karne nyingi iitwayo suminagashi ambamo wino huelea juu ya maji yasiyotiwa kitu. Lakini juu ya maji hayo rangi hutembea inavyotaka, na mistari inayochorwa kwa kitana haikai. Anayetaka mistari ya kupangwa anahitaji maji yenye utelezi, na kipimo changu ni mlenda mwepesi: ukichota kwa upawa unamiminika bila kukatika, ila haujawa ute wa kuvutika. Maji mazito kupita hapo huburuta rangi na kuikatakata. Mepesi kuliko hapo huacha rangi izame.

Wazoefu wa nchi nyingine wengi hutumia unga wa karagenani, unaotokana na mwani mwekundu. Nilipolisoma jambo hilo nilisimama, kwa sababu kilimo cha mwani kimefanyika Zanzibar tangu mwaka 1989, na sehemu kubwa ya zao hilo husafirishwa nje ili kukamuliwa karagenani hiyo hiyo. Inaniuma kwamba mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani unavuka bahari, na mimi wa Moshi nauagiza unga wake kutoka ng'ambo kwa gharama ya posta inayozidi bei ya unga. Ni kweli kwamba karagenani ni za aina kadhaa, na ile isiyoganda, iitwayo lambda, ndiyo inayowafaa watengenezaji wa karatasi za marumaru; mwani wa kwetu hutoa zaidi zile zinazoganda, kwa hiyo kuuchemsha mwani mkavu jikoni hakuleti matokeo yale yale. Mimi niliuchemsha, nikapata kitu kilichoganda mabonge mabonge, na sikuweza kukitumia.

Suluhisho nililipata kwenye meza ile ile ya viungo, nalo ni uwatu. Mafundi wa Uajemi wa kale waliutumia uwatu kwa kazi hii hii, na nilipoloweka konzi moja ya mbegu usiku kucha, nikachuja mara mbili kwa kitambaa chepesi na kuongeza maji hadi kufikia kipimo cha mlenda, nilipata utelezi uliobeba rangi vizuri. Uwatu una kasoro tatu ambazo sitazificha: maji yake yana umanjano, nyumba nzima hunukia mchuzi, na siku ya tatu huharibika. Pamoja na hayo, kwa bei yake, ndio ninaoupendekeza kwa mtu anayeanza. Wanga wa mahindi uliopikwa ni rahisi zaidi, lakini mistari yake huwa na chembechembe. Gundi ya unga ya kubandikia karatasi za ukutani, ile ya kuchanganya na maji, ni nzuri kuliko wanga na haina harufu, ingawa ni lazima kuikoroga polepole ili isifanye povu, kwa kuwa kila kiputo kinachobaki juu huacha tundu jeupe katika picha. Maji ya kuchanganyia ninayoyapenda ni ya mvua, yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua za kwanza, maana madini ya maji magumu huvuruga uzito na utelezi.

Kwa upande wa rangi, kuna njia mbili, na ni vyema kuchagua mojawapo badala ya kuzichanganya. Ya kwanza ni rangi ya mafuta ya makopo, ya kupakia milango na madirisha. Kopo la robo lita nililinunua kwa shilingi 5,000 katika duka la vifaa vya ujenzi, na kwa makopo matatu nimefanya kazi miezi yote hii bila kuyamaliza. Hupunguzwa uzito kwa tapentaini hadi idondoke kama maziwa, huelea yenyewe, na haihitaji shabu kabisa, kwa hiyo hata karatasi ya kudurufia iliyonikataa mwanzoni huipokea. Dosari zake ni harufu, kukauka kwa siku mbili, na mistari isiyokuwa myembamba sana. Thinna ya rangi za magari isitumiwe mahali pa tapentaini, kwa sababu hukauka upesi mno na inaweza kuyeyusha trei ya plastiki. Madirisha yawe wazi, jiko liwe limezimwa, na watoto wawe mbali.

Njia ya pili ni akriliki za chupa, ambazo ndizo zinazotoa karatasi zinazostahili kitabu kizuri. Hapa ndipo nilipopata hasara ya pili: duka moja la mjini liliniuzia chupa nne ambazo mbili kati yake zilikuwa zimeganda ndani, na nilipozirudisha nikaambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Tangu hapo huitikisa chupa sikioni kabla ya kulipa, na ile isiyotoa sauti ya kimiminika ninaiacha. Akriliki hupunguzwa kwa maji kidogo kidogo; tone zuri hutanuka juu ya maji hadi upana wa sarafu kubwa au zaidi, tone zito huzama moja kwa moja. Nyeusi na nyeupe zilizama mara nyingi kuliko rangi nyingine nilizokuwa nazo.

Kinachosaidia rangi kutanuka, kwa mafundi wa Uturuki ambao sanaa yao iitwayo ebru iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014, ni nyongo ya ng'ombe. Hapa kwetu nyongo si kitu cha kuagiza. Mwenye bucha alinipa bure kifuko kizima, nikaichemsha nje kwa mkaa, nikaichuja na kuichanganya na spiriti ili isioze. Katika rangi za maji za wanafunzi, ambazo bila nyongo hazikutaka hata kuelea, tone moja au mawili yalileta mabadiliko makubwa. Kwa akriliki, tone la sabuni ya maji ya vyombo lililochanganywa katika kikombe cha maji linatosha kufanya kazi hiyo, mradi mtu asizidishe, kwa sababu rangi iliyotiwa sabuni nyingi huzisukuma zote zilizotangulia hadi pembeni mwa trei.

Kuhusu zana nitasema machache, kwa kuwa nyingi ziko nyumbani tayari. Trei yangu ilitengenezwa na fundi seremala wa Majengo: fremu ya mbao yenye kina cha sentimita tano, ndani imetandikwa nailoni nene, na upana wake unazidi karatasi ya A3 kwa vidole viwili kila upande. Kitana nilikitengeneza kwa ubao mwembamba na pini zilizopangwa kila baada ya sentimita moja. Kwa kudondosha rangi, mabomba ya sindano kutoka duka la dawa, yasiyo na sindano, yanashinda brashi yoyote niliyojaribu. Ila kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni fagio la chelewa: nililifungua, nikakata njiti za urefu wa kiganja, nikazifunga fungu kwa uzi, na nikilichovya katika rangi na kuligongesha kwenye kidole, hunyunyiza matone madogo yanayolingana, kama manyunyu ya asubuhi ya Julai mlimani. Magazeti ya zamani yaliyokatwa vipande virefu hufagia uso wa maji kabla ya kila karatasi mpya, na jambo hilo lisirukwe, hasa miezi ya kiangazi ambapo vumbi la barabara yetu hutua juu ya trei ndani ya dakika chache.

Karatasi hulazwa kuanzia kona moja kwenda kona ya pili, bila kusita, la sivyo hewa hunaswa chini yake na kuacha duara tupu. Nilizoea baada ya karatasi kama ishirini hivi.

Anayetaka kuanza wiki hii na asiye na fedha nyingi achukue makopo mawili ya rangi ya mafuta, nyeupe na buluu, chupa ndogo ya tapentaini, uwatu na karatasi tano za kaki. Anayejalidi vitabu kwa ajili ya watu aanze moja kwa moja na akriliki na shabu. Maji ya uwatu yenye akriliki mimi huyaacha kwenye ndoo hadi rangi itulie chini, nikakausha mashapo yake na kuyatupa pamoja na takataka kavu. Mabaki ya rangi ya mafuta na tapentaini huyakusanya kwenye kopo lenye kifuniko na kuyaweka mbali na moto, nisiyamwage kwenye mtaro, kwa sababu mtaro wa nyuma ya nyumba yetu unaingia kwenye mfereji, na chini yake kuna watu wanaomwagilia mboga.