Uchambuzi: Matembezi ya Ufukweni Mama Ngina, Mombasa

Karibuni, watazamaji wangu. Leo ninachambua njia ya kutembelea ya Mama Ngina, upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, ambako wenyeji wengi hupaita Lighthouse. Eneo hili lilikarabatiwa na kuzinduliwa upya mwezi wa Oktoba 2019, wakati sherehe za Mashujaa zilipofanyika papo hapo.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuhusu saa. Usiende adhuhuri, kwa maana mibuyu mikongwe ina kivuli kizuri lakini haifuniki njia yote, na sakafu huwa imeshika joto. Fika saa kumi na nusu alasiri, na mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, beba mwavuli.

Wengi huanzia upande wa uwanja wa gofu. Mimi nakushauri upande matatu ya Ferry kutoka mjini, uanzie kwenye kivuko cha Likoni, upande wa kisiwani, na kuelekea mashariki, kwa sababu jua la jioni litakuwa mgongoni mwako na meli zinazoingia bandari ya Kilindini zitakujia uso kwa uso. Hapa ndipo penye thamani halisi ya matembezi haya. Mlango wa bahari ni mwembamba, hivyo meli ya makontena hupita karibu kiasi cha kusoma jina lake ubavuni na kuwaona mabaharia wakitembea juu ya sitaha, huku feri za Likoni zikisubiri ipite ndipo zivuke. Sijui mahali pengine mjini ambapo mtu wa kawaida hulitazama jambo hili bila kulipia chochote. Keti, usiharakishe.

Kuhusu chakula, njoo na njaa na pesa ndogondogo. Muhogo wa kuchoma hupasuliwa katikati, ukakamuliwa ndimu na kupakwa chumvi na pilipili ya unga ukiwa bado moto. Ukimaliza kunywa dafu, mwombe muuzaji akupasulie, naye atakuchongea kijiko kutokana na ganda lenyewe ili ule nyama yake laini. Uliza bei kabla ya kuagiza.

Wazazi, nawasihi sana: hapa si pwani ya kuogelea. Ukingo ni mwamba wa matumbawe unaoshukia kwenye maji yenye mkondo mkali, kwa hiyo mtoto mdogo ashikwe mkono wakati wote. Siku za sikukuu umati huwa mkubwa mno. Mwenye kutaka utulivu na achague siku ya kazi.

Mwenye nguvu za ziada anaweza kuendelea hadi Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Hata hivyo, ikiwa unataka kuingia ndani, itembelee asubuhi, kwa kuwa ukimaliza matembezi ya jioni utaikuta imekwisha kufungwa.