Baraza la kata yetu: wanasikiliza, ila msiende kutafuta hukumu huko

Nimepanda na kushuka baraza la kata yetu mara tatu kwa kesi ya kiwanja. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na ofisi ya serikali ya mtaa, ambako ndiko balaa lilipoanzia, siipi hata moja.

Kiwanja nilikinunua mwaka 2022 kwa shilingi milioni 4, huko pembezoni, hatua 20 kwa 30. Ni hela ya cherehani hiyo, nashona sare za shule. Tukaandikishana ofisi ya mtaa, mwenyekiti akachukua asilimia 10 yake, laki 4 taslimu, akagonga mhuri. Nikauliza risiti. "Mama, mhuri ndiyo risiti." Basi nikakunja karatasi yangu nikaondoka.

Mwaka jana naenda kufyeka nyasi, nakuta tripu mbili za mchanga na kijana anachimba msingi. Naye ana karatasi. Muuzaji yuleyule, mhuri uleule, mpaka ile herufi iliyomeguka pembeni, ila yake imeandikwa miezi saba baada ya yangu. Kwa mwenyekiti nikajibiwa kwamba hayo ni mambo yangu na muuzaji. Siku ya laki 4 yalikuwa mambo yetu sote!

Baraza wanakaa Jumatano, chumba cha nyuma ya ofisi ya mtendaji wa kata. Wajumbe walikuwa sita, watatu wanawake, maana sheria haitaki wapungue hapo. Nililipa 20,000 na risiti nikapewa bila kuidai. Wakili haruhusiwi kukusemea mle ndani. Kijana alikuja na wakili wake, akaishia kukaa chini ya mwembe. Hilo nililipenda, kwa sababu mimi wa kumlipa sikuwa naye.

Kilichonisaidia ni mjumbe mmoja, mama mtu mzima, aliyechoka kusoma karatasi mbili zinazofanana akasema twendeni tukaone. Tukaenda wote. Akamwita jirani yangu wa upande wa juu, akamwuliza ile minyaa ya mpakani aliipanda nani. "Mimi na huyu mama, siku ile ile aliyonunua." Na jirani huyo ndiye shahidi kwenye karatasi yangu. Mashahidi wa kijana walikuwa dalali na shemeji wa muuzaji. Muuzaji akaanza kukung'uta vumbi kwenye suruali ambayo haikuwa na vumbi.

Sasa nyota zilizopungua. Ya kwanza: nilikwenda nikitegemea hukumu, na hadi kikao cha pili hakuna aliyenieleza kwamba tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 mabaraza ya kata yanasuluhisha tu. Mkishindwa kupatana, mnaandikiwa kwamba usuluhishi umeshindikana, mnaanza safari ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila suluhu, mnaweza kwenda hata bila karatasi hiyo. Lingebandikwa mlangoni hilo.

Ya pili ni zile laki 4. Niliuliza mtu aliyegonga mhuri mara mbili kwenye ardhi moja anasuluhishwa na nani. Katibu akaniambia taratibu, kama anayempa mtu pole: ukitaka kuishtaki serikali za mitaa unaandika notisi ya siku 90, unamwunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inaenda Mahakama Kuu. Kwa laki 4 isiyo na risiti. Nikafunga mdomo.

Tulipatana kikao cha tatu. Kiwanja kimebaki changu, muuzaji anamrudishia kijana hela yake kwa awamu tatu, wote tumesaini. Awamu ya kwanza imelipwa mbele ya baraza. Mchanga, tripu moja kijana ameondoa, nyingine nimeinunua mimi kwa bei ya kuelewana, na ule msingi wake nauendeleza.

Mkienda, fikeni kabla ya saa tatu, katibu anaandika majina kwa mkono. Na jirani wa mpakani nendeni naye siku ya kwanza; mimi nilimpeleka kwa kuchelewa.