Kurudisha laini ya bibi: nyota moja, na hiyo nimewaonea huruma

Simu ya bibi ilidumbukia chooni juzi kati hapa, laini ikaenda nayo. Nikakodi gari kabisa toka Muheza mpaka Tanga mjini maana nyonga yake haitaki daladala, tukafika ofisi ya mtandao wake. Dada wa kaunta shikamoo hakuna, halafu haongei na bibi anaongea na mimi, utadhani bibi ni mzigo nimekuja kuupima. "Aweke dole gumba." Mashine inakataa. Lingine, inakataa. Jamani huyu mtu kashika jembe maisha yake yote, hizo alama mnazotafuta ziliishia kwenye mihogo huko! Namwonyesha kitambulisho cha NIDA, picha ni yeye, jina ni lake, anasema mfumo hautaki, tangu 2020 ni vidole tu. Haya. Akaongeza: "Si umsajilie mpya kwa jina lako, kwani bibi anampigia nani?"

Anampigia nani?? Mtu hatoki ndani, mashoga zake karibu wote washatangulia, shangazi yupo Muscat na kule kupiga kwa WhatsApp hakupiti, kwa hiyo wanaishi kwa voisi. Kusoma hajui ila voisi anazitawala, shida yake anaachia kidole kabla hajamaliza, unapata "mwambie baba'ko asije na ule..." basi, familia nzima tunabaki kubishana ule nini. Na namba ile ndo wanayo wote, mpya ya nini?

Bibi akamuuliza tu, "Mwanangu, mama yako yu hai?" Dada kimya, macho kwenye kompyuta.

Nilishaandika kichwani nyota sifuri. Sasa kuna kijana wa meza ya pembeni, akaja na kitambaa kibichi, shikamoo bibi, akamfuta vidole kimoja kimoja taratibu, akajaribu kile kidogo cha mwisho cha kushoto. Kikasoma! Tumeweka laini kwenye simu mpya, tukarudisha WhatsApp, voisi za shangazi zikamiminika hapo hapo ofisini, bibi kafungulia sauti yote, foleni nzima inasikiliza mambo ya ukoo.

Basi niwape tatu? Hapana. Kama vidole kumi vyote vilikuwepo, yule dada alivijaribu viwili akachoka. Moja, na ni ya kijana, tena nasikia keshahamishwa.