Boneti yangu ilitobolewa injini ipoe, kilichopoa ni mfuko

"Mzee wangu, wewe shika usukani, mambo ya upepo tuachie sisi."

Niliambiwa hivyo na fundi, kijana mmoja, mbele ya vijana saba na muuza kahawa, kwenye gereji moja hapa Malindi, na mpaka leo nikikumbuka chai hainishuki. Gereji siitaji jina. Ila kama umewahi kuona maboneti yametundikwa ukutani kama nguo za mtumba, huenda tumepita mlango mmoja.

Nianze na shida yenyewe. Gari langu ni staishenwagoni ya Kijapani, zile ambazo ukirusha jiwe mjini utaigonga mojawapo. Haina mshale wa joto. Asubuhi taa ya buluu, siku ya maafa taa nyekundu, hapo katikati umwachie Mungu. Nabeba wageni: Watamu, magofu ya Gede, mara mojamoja Marafa kwenye lile korongo la Nyari. Msimu wa kaskazi, mwaka jana kama si juzi, gari likaanza kuchemka kila nikikwama mjini nyuma ya tuktuk. Nikitoka nje ya mji nikishika mwendo, linatulia lenyewe.

Mtu wa kazi akisikia hayo tu, ugonjwa ameshaujua. Gari linalochemka likisimama na kupoa likikimbia, kwanza tazama feni, kwa sababu barabarani upepo unapita wenyewe rejetani, pale maji ya injini yanapopozwa, lakini kwenye foleni hakuna wa kuuvuta ila feni. Likichemka hata kwenye mwendo, hapo ndipo utafute rejeta iliyoziba, themostati (kilango cha maji ya injini) iliyoganda, pampu ya maji. Mimi nimeyajua hayo baada ya kulipa. Fundi wangu alipaswa kuyajua kabla ya kupokea.

Feni hakuigusa. Aliipigapiga boneti kwa kiganja kama anayechagua tikiti maji, akasema, "Joto limefungiwa humu, halina pa kutokea." Likaniingia akilini. Moto hupanda juu, hata mtoto anajua. Kwa shilingi 14,500 akanikatia matundu mawili marefu, karibu kabisa na kioo cha mbele, na katikati akanipandikizia skupu, ule mdomo wa kumeza hewa, "kama ya Subaru".

Hiyo skupu nayo ina mambo yake. Kwenye Subaru za tabo, yaani zenye mashine ya kushindilia hewa kwenye injini, tundu lile halipulizii rejeta. Chini yake kuna intakula, kipoza hewa, imelala juu ya injini, na hewa inayoingia pale inapoza hewa iliyokandamizwa na tabo kabla haijaingia kwenye silinda. Gari langu halina tabo. Halina intakula. Skupu yangu inapulizia kifuniko cha plastiki. Nilitembea mji mzima na pembe ya bandia kichwani, na vijana wa bodaboda wakinipigia saluti.

Lakini nisiwe mwongo. Wiki za mwanzo nilifurahi. Nikiegesha Gede kungojea wageni, joto nalionesha kwa kidole: hewa inatetemeka juu ya yale matundu kama juu ya jiko la mkaa, na nikirudi kuwasha, injini haikuwa na ile pumzi ya tanuri. Gari likisimama, tundu la nyuma ya boneti linatoa joto, hilo nimeliona kwa macho yangu. Nilimsifu fundi hadharani. Nikampelekea madereva wawili, na mmoja wao hanisalimii siku hizi.

Sasa njoo siku ya harusi. Nimewachukua shangazi zangu wawili Mombasa tunakwenda Mambrui, nyuma kuna sufuria, mikeka na sanduku la bi harusi. Mjini Malindi tukatambaa, ilikuwa saa sita mchana. Nikasema moyoni, ngoja nitoke mjini nikamate mwendo, litapoa kama kawaida yake. Nikatoka. Nikafika 80. Halikupoa. Harufu ya oili ya moto ikaanza kuingia ndani kupitia matundu ya hewa, shangazi mkubwa akajifunika pua na mtandio, na tulipovuka tu daraja la Sabaki taa nyekundu ikawaka na mvuke ukafumuka kwenye skupu. Shangazi akaniuliza taratibu, "Mwanangu, boneti yako yapika?"

Tulikaa pale kando ya barabara zaidi ya saa nzima. Waliochelewa kufika kwenye harusi wanajua wanavyotazamwa. Sanduku la bi harusi lilifika kwa tuktuk.

Kesho yake nikarudi gereji, bado nina adabu zangu. Nikamwambia fundi, "Zamani likikimbia linapoa, sasa likikimbia ndiyo linazidi. Huoni kama upepo unaingia pale ulipokata badala ya kutoka?" Ndipo akanipa lile jibu. Wakacheka wote. Muuza kahawa naye alicheka, na mimi ndiye niliyekuwa nimemlipa kahawa.

Mambo ya upepo! Mimi baba yangu alikuwa nahodha, jahazi lake likienda Lamu na kurudi, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua joshini, upepo unakotoka, ni wapi, na demani, unakokwenda, ni wapi. Huwezi kutoboa tundu joshini ukangojea moshi utoke.

Nikaenda nyumbani, nikaomba nyuzi za cherehani za mke wangu. Nikazikata vipande vya urefu wa kidole, nikazibandika kwa selotepu boneti nzima, kuanzia puani mpaka kwenye kioo. Mtoto wa dada yangu akakaa kiti cha mbele na simu anarekodi, tukatoka barabara ya Mambrui. Mwendo mdogo, nyuzi zinacheza tu. Tulipofika 60, 70, nyuzi za karibu na matundu zikapinda zikachungulia ndani, zikamezwa. Mbele kule, kidogo tu nyuma ya pua ya gari, nyuzi zilikuwa zinanyanyuka juu kama nywele za paka aliyeogopa.

Maana yake ni hii. Upepo unateleza juu ya boneti, unafika kwenye kioo, unajirundika pale chini yake. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana hewa ya kuingia ndani ya gari wanaichukulia palepale. Ukikata tundu hapo, kwenye mwendo hewa inaingia chumba cha injini, inakutana na ile inayotaka kutoka rejetani, zinabanana, na rejeta inakosa pumzi. Kule mbele upepo unapopinda kwa kasi kuna mvuto, na tundu la pale linanyonya joto nje. Kwa hiyo ukiniuliza kama kutoboa boneti kunasaidia, jibu langu ni ndiyo, na ndilo linaloniudhi zaidi. Kazi yenyewe si ushirikina. Alikosea kama futi mbili tu! Na wale wanaotia washa, vile vipete vya chuma, kwenye bawaba za boneti ili nyuma iinuke, wako kwenye kosa lilelile, ila wao wametumia pesa ya soda.

Fundi wa pili, mzee wa Maweni asiye na maneno mengi, alichomoa soketi ya feni, akaipa umeme wa betri moja kwa moja. Kimya. Mota imekufa. Ya mtumba ilinigharimu 3,500 pamoja na kufunga. Kisha akainama, akatazama rejeta, akaniuliza natia maji gani. Nikamwambia ya kisima. Akaniangalia bila kusema kitu. Visima vyetu hivi vya mawe ya matumbawe, maji yake yana chumvi na chokaa. Nilikuwa nimeijaza rejeta ukoko miaka na miaka kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa nje hewa ya bahari ilishazila zile bati nyembamba. Hapo hasira yangu iliyumba kidogo. Huenda hata tundu lingekuwa mahali pake, rejeta ile isingefika Mambrui.

Iliyumba tu, haikuanguka. Maana yule kijana wa kwanza angeweza kuniuliza swali hilohilo siku ya kwanza.

Nyota za kumpa gereji ile? Nilipoanza kuandika nilikuwa na mbili: moja ya joto lile la Gede, moja ya uchomeleaji, maana skupu imeshika, sijaona skupu iliyoshika vile. Halafu juzi nikaosha gari nikaona kingo za matundu. Hakupaka hata rangi ya chini. Mji wa bahari, bati mbichi, na hakupaka. Kutu imeshatambaa mpaka kwenye mbavu za boneti. Na mvua zilipoanza maji yalishuka moja kwa moja kwenye koili za umeme wa plagi, gari likawa linakohoa, nikalazimika kufunika kwa kipande cha tanga kuukuu kilichobaki kwa baba. Ondoeni moja. Kwa yale maneno ya upepo, ondoeni na nyingine.

Boneti nyingine ya mtumba nimeipata kwa 11,000, rangi tofauti. Nikampigia yule kijana kwanza, nikidhani ataona haya, nikamwuliza kuziba atanifanyia vipi. Akasema kuziba ni elfu sita, na nikiongeza elfu moja atanitia na stika.