ELM327 ya Bluetooth na gari linalozima ghafla: inachoona na isichokiona

Kile kidude cha ELM327, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi (OBD) ya gari na kuonyesha makosa ya injini kwenye simu, kinauzwa kwenye maduka ya spea Arusha na Moshi na kinamfaa mwenye gari linalozima barabarani bila taarifa, kisha linawaka likishapoa. Ila hakifai kwa namna wauzaji wanavyokisifia. Kitakuonyesha kwamba kompyuta ya injini imepoteza hesabu ya mizunguko. Ubaya uko kwenye sensa ya krenki (inayohesabu mizunguko ya injini), kwenye plagi yake au kwenye waya? Hapo hakina la kukwambia. Anayekimbilia kununua sensa kwa kuwa tu simu imeandika kodi ya kosa P0335 anacheza bahati nasibu.

ELM327 halisi ilikuwa chipu ya Elm Electronics ya Kanada, kampuni iliyofunga shughuli zake mwaka 2022. Karibu vyote vilivyoko madukani ni nakala. Maandishi ya "v1.5" kwenye boksi yasikuvutie, maana kampuni hiyo haikuwahi kutoa toleo hilo. Zinazojiita v2.1 nyingi zimepunguzwa amri, na baadhi hazielewani na magari ya zamani kidogo. Kwa hiyo usilipe kabla hakijachomekwa kwenye gari lako. Simu ya Android inaunganishwa kwa namba 1234 au 0000, kisha unatumia programu ya Torque au Car Scanner. Mwenye iPhone achukue ya Wi-Fi au ya Bluetooth LE, la sivyo atarudi dukani siku hiyohiyo.

Vitz na IST za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotoka Japani, nyingine hazijibu kabisa ingawa soketi inaingia vizuri. Hapo rudi kwenye njia ya mafundi wa zamani: kipande cha waya kati ya pini ya 13 na ya 4 za soketi, swichi iwe ON, kisha hesabu taa ya injini inavyopepesa. Kwa Toyota, kodi 12 (mpepeso mmoja, kisha miwili) na 13 zinahusu ishara ya mizunguko. Pini ya 16 usiiguse, ina umeme wa betri muda wote.

Kifaa kikikubali, soma kodi zote, pamoja na zile zinazosubiri ambazo bado hazijawasha taa. P0335 ni saketi ya sensa ya krenki, P0336 ni ishara isiyoeleweka, P0339 ni ishara inayokatikakatika. Usifute kitu kabla hujapiga picha ya data zilizohifadhiwa kosa lilipotokea: joto la maji, mwendo, mzigo wa injini. Kosa likija kila mara injini ikiwa moto, shuku koili ya ndani ya sensa. Likija ovyoovyo, hasa kwenye matuta na barabara ya vumbi, anza na waya na plagi.

Kipimo bora cha kidude hiki ni wakati gari limegoma. Kabla ya kulaumu pampu ya mafuta, fungua RPM (mizunguko kwa dakika) kwenye simu upige starta. Injini inayozungushwa na starta huonyesha kama 150 hadi 300. Injini inazunguka na simu inaonyesha sifuri? Ishara haifiki kwenye kompyuta. Lakini tazama na volti: betri ikishuka mno, kidude chenyewe kinajizima na kuwaka upya, na sifuri hiyo ni ya uongo. Barabarani ni vilevile. RPM ikianguka sifuri kwa ghafla injini ingali inazunguka, huku joto la maji likiendelea kusomeka, shuku sensa au njia yake. Vyote vikiganda pamoja, ni Bluetooth imekatika.

Udhaifu wake mkubwa ni kasi. Gurudumu la sensa la 1NZ-FE, injini ya Toyota iliyomo kwenye IST na baadhi ya Vitz, lina meno 34, na pengo la meno mawili. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika hiyo ni mipigo 1,700 kila sekunde, wakati simu kwenye magari ya zamani inapata masomo machache tu kwa sekunde. Injini inaweza kushtuka na skrini isione lolote. Punguza geji zibaki mbili, RPM na joto, na kaa na abiria wa kushika simu. Kupanda kutoka Moshi kwenda Marangu kunapasha injini vizuri kuliko kuzunguka mjini.

Kinachobaki ni kazi ya maltimita, na bila hiyo kidude ni nusu ya kazi. Sensa ya 1NZ-FE ina waya mbili: ikiwa baridi isome om 1,630 hadi 2,740, ikiwa moto 2,065 hadi 3,225. Acha mita imeunganishwa, pasha sensa kwa draya ya nywele, halafu tikisa waya. Mita ikiruka kuonyesha OL (yaani njia ya umeme imekatika) wakati wa joto, koili imekatika. Ikiruka unapotikisa, fuatilia waya. Sensa ya waya tatu usiipime om. Angalia kama umeme unaingia, volti 5 au 12 kutegemea gari, na kama earth ni nzima.

Ichomoe sensa pia uitazame. Boliti yake ni ya spana namba 10, chini karibu na puli ya krenki, mahali ambapo sili ya mbele ikivuja oili inaloanisha plagi yote. Ncha ina sumaku, hivyo hukusanya unga wa chuma, futa. Kifungio cha plagi kikiwa kimevunjika na kufungwa kwa tai ya plastiki, umeshapata mshukiwa wa kwanza.

Ukifika dukani kununua sensa ya waya mbili, nenda na mita uipime om hapohapo kaunta kabla ya kulipa. Na kidude ukimaliza nacho kichomoe, kwa sababu kinakula betri hata gari likiwa limezimwa.