Sabuni ya kunyolea ya bakuli, na nilivyoaibishwa dukani Kampala

Msinunue. Au ngojeni kwanza nieleze, maana nikimkumbuka yule kijana wa dukani hasira zinapanda upya, na naogopa nitaionea sabuni ya watu.

Nimenyoa ndevu tangu nikiwa kuruta. Jeshini ndevu ni nidhamu: afande akikukuta paredi na kidevu kichafu, siku yako imekwisha. Miaka yote nilitumia wembe na sabuni yoyote iliyokuwepo, hata ya mche. Nilipostaafu na kurudi kwetu Moroto, Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, nikaona sasa nami nijitunze. Nikiwa Kampala nikanunua sabuni ya kunyolea ya kizamani, ile ngumu ya duara inayokaa ndani ya bakuli, na brashi ya manyoya ya nguruwe. Bei iliniuma, lakini nikalipa.

Nyumbani povu likagoma. Niliroweka brashi kwenye maji ya moto, nikaikung'uta, nikaizungusha juu ya sabuni mpaka kiganja kikauma. Yakatoka mapovu makubwa makubwa yaliyopasuka kabla ya kufika shavuni, na chini ya bakuli vikabaki vibonge vyeupe kama maziwa yaliyoharibika. Wembe ulipita mkavu. Wiki nzima shingo yangu ilikuwa vipele vitupu.

Nikairudisha. Moroto hadi Kampala ni kutwa nzima ndani ya basi. Yule kijana hakuniuliza hata natoka wapi. Alichukua bakuli, akafungua bomba, akazungusha brashi mara chache, na povu likapanda: zito, jeupe, limesimama kama mtindi. Akaliinua juu wateja wote walione.

"Mzee, sabuni haina shida. Hii ni ya watu wanaojua kunyoa."

Binti wa kaunta akacheka. Mimi, mtu mzima, nilichukua mfuko wangu nikatoka bila kusema neno. Njia nzima niliyarudia maneno yale kichwani. Nilipofika nyumbani nikafanya vilevile alivyofanya, hatua kwa hatua. Hakuna kitu!

Aliyenifungua macho ni dada yangu, akiwa anafua uani. "Kaka, hayo maji ya kisima yanakula sabuni. Mimi shuka mbili tu, mche umekwisha. Kinga maji ya mvua." Nikaenda kutazama ndani ya birika letu la chai: ganda jeupe, gumu kama chokaa. Maji ya visima virefu yamepita kwenye miamba na kubeba kalisiamu na magnesiamu. Sabuni ikikutana na madini hayo inageuka ule uchafu mweupe, na povu halianzi mpaka yamalizike. Bomba la Kampala linaleta maji ya Ziwa Viktoria, maji laini, yaani yenye madini hayo kidogo tu. Kumbe yule kijana alinishinda kwa maji, si kwa ufundi!

Mvua iliponyesha nikakinga ndoo chini ya bati. Jamani. Brashi ilizunguka kama nusu dakika, nikaongeza maji tone kwa tone (msimwage mengi mwanzoni, hapo ndipo wengi huharibu), na povu likaja zito, limeng'aa, likashika kidevu bila kudondoka. Wembe uliteleza kama unapita kwenye siagi. Sijawahi kunyoa hivyo maishani mwangu. Basi nabadili kauli: nunueni.

Lakini anunue nani? Sasa hivi kwetu Karamoja ni kiangazi, pipa limekauka, na asubuhi ya leo povu limegoma tena. Nachemsha maji ya kisima, nayaacha yatulie, namimina ya juu tu. Yanasaidia kiasi, kwa sababu chokaa nyingine inabaki imeganda sufuriani, lakini povu lenyewe ni la kulazimisha. Sabuni ghali inayotaka maji ya mvua, mtu wa nchi kame ataifanyia nini? Na hapo ndipo ninaporudi kwa yule kijana. Swali lilikuwa moja tu: "Mzee, kwenu mnatumia maji gani?" Angeniuliza hilo, nisingepoteza nauli, wala nisingechekwa mbele ya watu.

Mvua zikirudi, nadhani mwezi wa nne, nitanunua nyingine. Kwake, sikanyagi.