TAHADHARI: "Ufadhili" wa kusomea afya unaoomba hela kwa namba ya simu

Wazazi na vijana mliomaliza kidato cha nne, hasa huku kwetu Kasulu, Kibondo na Kakonko, someni hili kabla hamjatuma hata mia.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Eti ni mradi wa kusomesha matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara watakaokwenda maeneo ya pembezoni. Ada yote inalipwa, hela ya kujikimu ipo, na ukimaliza unasaini kukaa zahanati ya kijijini miaka mitatu. Hilo sharti la mwisho ndilo linalonasa watu. Tapeli tuliyemzoea anaahidi mteremko. Hawa wanakubebesha mzigo kwanza, unawaona watu makini. Na nani huku hajafika zahanati akakuta muuguzi mmoja na foleni hadi nje? Habari inaingia akilini.

Kisha inakuja "ada ya usajili", 45,000, itumwe kwenye namba ya simu. Binti wa jirani yetu alituma. Jina lililotokea ni la mtu binafsi, akaambiwa ndiye mhasibu wa mradi. Baadaye wakataka hela ya vipimo, halafu ya sare. Baba yake akauza maharage ya mbegu. Alipodai barua ya chuo wakamtumia moja yenye nembo ya taifa na mhuri wa kubandika kwa kompyuta. Chuo chenyewe hakimo kwenye orodha ya NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo vya kati. Hadi leo wanazo picha za vyeti vya binti huyo na namba yake ya NIDA, na mimi hilo linanitisha kuliko hela iliyokwenda.

Fedha za kweli zipo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo (HESLB) inakopesha hata wanafunzi wa stashahada, na afya ni moja ya fani za kipaumbele. Ila ni mkopo, utaurudisha. Unaomba mwenyewe kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa mtandaoni, dirisha likiwa wazi, ada ya maombi unailipa kwa kontroo namba unayopewa na mfumo huohuo, cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na wakala wa usajili wa vizazi, RITA (Zanzibar ni ZCSRA), na ulichopangiwa unakiona kwenye akaunti yako ya SIPA. Hakuna afisa wa Bodi atakayekupigia saa tatu usiku kukwambia nafasi zimebaki mbili, fanya haraka.

Kuhusu kuahidiwa kituo cha kazi: ajira za serikali za kada ya afya hutangazwa, watu wakaomba. Mfadhili wa WhatsApp hana zahanati ya kukugawia.

Wengine wanatumia jina la wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ule mpango uliozinduliwa Januari 2024. Huo nenda kamuulize mtendaji wa kijiji au mtaa wako, ana kwa ana.

Aliyekwisha tuma asifute kitu. Tunza ujumbe wa muamala, piga simu kwa mtandao wako mara moja, nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), na meseji ya tapeli itume kwenda namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mara nyingi anayelirusha tangazo kwenye grupu si tapeli, kalipata kwa mwalimu au mchungaji anayemwamini. Msimtukane, mwambieni alifute na aseme kule alikolitoa.